Nusaiba na Wapagazi wa Tabora

Mimi vita siipendi. Nalisema hilo mapema ili msomaji asije akadhani kwamba umri umenilainisha. Vita ilinitoa kwetu Uvira, Kongo, nikiwa msichana, na tangu hapo mteja akianza kunihadithia mizinga na vifaru wakati namsuka, namkazia msuko mpaka anyamaze. Kwa hiyo asubuhi niliyoingia saluni kwangu nikakuta wanajeshi wamejipanga kwenye meza ya kucha, katikati ya chupa za rangi, nilimwita Nusaiba kwa sauti iliyomtoa fundi cherehani wa jirani nje na tepu yake shingoni.

"Weye Nusaiba, hii ni nini?"

"Ni Waingereza, dada," akanijibu bila kuinua kichwa. "Wanakwenda El Alamein."

Walikuwa wadogo, hawafiki nusu ya kidole changu, wa plastiki, kila mmoja na chupa yake ya maji kiunoni. Nusaiba alikuwa akimpaka mmoja wao soksi.

"Basi waende na haraka," nikamwambia. "Mi sitaki jeshi ndani ya nyumba yangu. Nilitembea mbali sana juu ya kuwakimbia."

Saluni yangu iko Johannesburg, Yeoville, Mtaa wa Rockey. Mimi ni Arlène. Nasuka na kushonea mishe, zile nywele za bandia. Meza ya dirishani nilimkodishia Nusaiba afanye kucha. Yeye ni Mrundi wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili pale Bujumbura, na kwa sababu hiyo anajiona mwenye Kiswahili. Changu cha Uvira hukisahihisha mbele ya wateja, nami humwambia kama Kiswahili kizuri kingelipa kodi, asingekuwa anapanga kwangu. Ni mwembamba, ana sauti ya chini, na ubishi wake hauendani kabisa na sauti hiyo. Nimewaona mafundi wengi wa kucha Johannesburg. Sijaona mwingine anayeweza kuchora pundamilia mzima kwenye ukucha wa kidole cha mwisho, macho na mkia, huku mteja anagombana na mumewe kwenye simu.

Mkono huo ndio uliomlisha yeye na mama yake aliyebaki Buyenzi, na mkono huo ndio ulioanza kumgeuka. Vidole viliwasha, vikavimba, ngozi ikapasuka kwenye viungo. Nesi wa kliniki alimwambia ni zile jeli za kucha: mwili wake umezikataa, na mwili ukishakataa haurudi nyuma. Glavu zilimsaidia kidogo, kisha nazo zikashindwa. Nilimwona akifungua kifuniko cha chupa kwa meno. Nikamshauri auze nguo, au aje nimfundishe kusuka, akanitazama kwa huruma kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

"Dada Arlène, mimi ni mtu wa brashi," akaniambia. "Nikitoka kwenye brashi sijui mimi ni nani."

Hapo ndipo, siku chache kabla ya asubuhi ile ya Waingereza, Mzee Octave alipoingia. Huyu ni Mbelgiji aliyezaliwa Kalemie enzi ikiitwa Albertville, mtoto wa mtu wa reli. Wazazi wake walimleta Johannesburg mwaka wa uhuru, akahama yeye lakini tumbo lake likakataa. Kila Jumamosi huja soko la Yeoville kununua ndagala na sombe, yaani dagaa na kisamvu, na hugombania bei kwa Kiswahili cha Kalemie mpaka akina mama wamwongezee fungu ili aondoke. Jumamosi hiyo alipita dirishani, akamwona yule pundamilia, akasimama pale na mfuko wake wa ndagala unanuka mpaka ndani. Mteja akadhani ni mwizi. Akaingia, akatoa mfukoni askari mmoja wa plastiki amevuliwa rangi, akamwekea Nusaiba mezani.

"Mama, mikono yangu sasa inatetemeka," akasema. "Weye unaweza kunivalisha huyu?"

Ndivyo tulivyojua kwamba kuna wazee wazima hapa Johannesburg, wengi wao wastaafu, wenye chama cha kucheza vita za mezani. Meza yenyewe ni pana kuliko kitanda. Wanajenga vilima na mito, wanapanga majeshi yao madogo, wanarusha dadu, na vita iliyokwisha zamani inapiganwa upya kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana. Mimi niliposikia nilikasirika siku nzima. Sisi watu wa Kivu tumelala porini kwa ajili ya vita, wao wanailipia ukumbi.

Nusaiba yeye hakukasirika. Rangi zile zilikuwa za maji, hazina jeli, na vidole vyake vilizistahimili. Hilo tu ndilo aliloliona.

Kundi la kwanza aliliharibu, na aliliharibu kwa namna ambayo ni fundi wa kucha peke yake angeweza. Waingereza wa El Alamein walikwisha kupakwa, wamependeza, hata mimi niliwatazama kwa siri. Lakini kwetu sisi kazi haitoki mezani bila kung'arishwa. Akavaa glavu, akawapaka topkoti mmoja mmoja, akawaingiza kwenye taa ya kukaushia kucha kama wateja waliokuja pamoja. Wakatoka wanametameta. Jeshi zima la jangwani, watu waliokunywa vumbi miezi mingi, lilikuwa linang'aa kama bi harusi. Mzee Octave aliwapeleka kwenye chama, na wenzake wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai juu ya Misri.

Nusaiba aliposimuliwa hakulia. Aliuliza tu, "Vumbi la huko lina rangi gani?"

Mzee Octave akamletea picha. Akawaosha wote, akawapaka upya, na safari hii akawamalizia kwa ile rangi isiyong'aa, ambayo hata kwenye kucha ipo lakini wateja wangu hawaitaki. Walipotoka safari ya pili walionekana wana kiu.

Basi kwa muda wa mwaka mzima vita kubwa ya dunia ilipita saluni kwangu, nitake nisitake. Niliijua kwa rangi kabla ya kuijua kwa majina. El Alamein ilikuwa njano ya mchanga, na wazee wa chama waliipenda kwa sababu baba zao walikuwepo na walishinda. Tobruk, ambako baba zao hao hao walitekwa maelfu kwa siku moja, waliiagiza mara chache. Stalingrad ilikuja na nyeupe chafu. Nusaiba alichanganya nyeupe na kijivu na kahawia kidogo, akiniambia kwamba theluji ikikanyagwa na watu wenye njaa haibaki nyeupe. Normandi ilikuwa watu waliolowa mpaka kifuani. Na Mzee Octave, akija kuchukua kazi, alikaa kwenye kiti cha wateja akitueleza kwamba kila vita ina mahali inapogeuka: kabla ya hapo huyu anasonga mbele, baada ya hapo anarudi nyuma, na mara nyingi waliopo hawajui kwamba imegeuka. Hilo nalikubali. Sisi tulipovuka Ziwa Tanganyika hatukujua kwamba ndiyo imegeuka.

Siku moja nilimuuliza nililokuwa nalo moyoni. "Papa Octave, weye mutu mzima, unacheza vita kwa nini?"

"Minapenda kujua ingekuwaje," akasema. "Kama mutu mumoja angepita njia ingine."

Sikuona kosa katika jibu hilo, na jambo hilo likanikera zaidi.

Mikono ya Nusaiba ilianza kupona kadiri alivyoacha kucha, lakini wazee wa chama si wateja wa kila siku. Wana askari wao tayari, na kodi ya meza haingoji mtu apate hamu ya Stalingrad nyingine. Ikawa wiki mbili ana kazi, wiki tatu amekaa dirishani akitazama barabara. Nilikuwa simdai, na yeye alikuwa anaumia kwa kutodaiwa.

Ndipo Mzee Octave alipotuambia habari za Dikeledi. Huyu ni mama wa Kisotho mwenye duka na ghala Midrand, anauza askari wadogo waliokwisha kupakwa kwa watu wa ng'ambo ambao wana pesa lakini hawana subira. Wapakaji wake ni waajiriwa, wa mshahara wa kila mwezi, na rangi zake zote ni za maji. Alikuwa anatafuta mmoja wa kuongeza. Mwezi wa tisa angekuja kwenye maonyesho ya chama, huko huko Midrand, kutazama meza na kuchagua mkono.

"Basi tupeleke meza," akasema Mzee Octave. "Meza ambayo hakuna mwingine ataleta. Tabora."

Mimi Tabora naijua kwa treni, nilipita pale nikitoka kambini Kigoma. Sikujua kwamba vita ya kwanza ya dunia nayo ilipita. Mzee Octave akatueleza: mwaka 1916 Wabelgiji walitoka Kongo na askari wao Wakongo, wakavuka ziwa, wakashika Kigoma, wakafuata reli mpaka Tabora ambako Mjerumani alikuwa amejikita na askari wake wa huku kwetu. Kwa upande ule wa magharibi, hapo ndipo utawala wa Mjerumani ulipogeuka. Waafrika kwa Waafrika, chini ya bendera za watu wengine. Mzee Octave alisema ni meza nzuri kwa Nusaiba: tarbushi, kofia zenye kitambaa cha kufunika shingo, mikanda, vifungo. Dikeledi hupenda vifungo.

Nusaiba aliuliza, "Na wapagazi?"

"Wapagazi gani?"

"Waliobeba. Mjerumani alibomoa madaraja ya reli, umesema mwenyewe. Sasa mizigo ilifikaje Tabora?"

Mzee Octave alijua. Amesoma hayo maisha yake yote. Akasema ni kweli, walikuwa wengi kuliko askari, maelfu kwa maelfu, na wengi waliachwa njiani. Lakini kwenye mchezo hawana namba za kurushiwa dadu, kwa kuwa hawapigani. Hakuna hata kiwanda kinachotengeneza wa kutosha. Na kila mpagazi anakula nafasi ya askari mezani.

"Sikia, mwanangu," akamwambia, na alikuwa anamwambia kwa wema. "Mupagazi iko na kipande cha nguo tu. Huyu mama wa Midrand ataona nini pale? Onyesha mkono wako kwenye uniforme. Upate kazi kwanza."

Nusaiba akaosha brashi yake taratibu. Kisha akatueleza kitu ambacho sikuwahi kukisikia miaka yote tuliyokaa pamoja. Baba wa bibi yake alikamatwa na Wabelgiji Ujiji, akiwa kijana muuza chumvi, akatwishwa sanduku la risasi mpaka Tabora. Alirudi bega moja limeshuka na halikupanda tena. Ndiye aliyehamia upande wa Burundi, akajenga Buyenzi, na bibi yake alikua akimwona anaswali na bega lile limeinama upande.

"Nikitengeneza Tabora asiwepo," akasema Nusaiba, "nitakuwa nimemwacha njiani mara ya pili."

Nilimwambia ni mjinga. Nilimwambia kwa upendo lakini nilimwambia: marehemu haulizi, na kodi ya nyumba inauliza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaanza kukata bunduki kwenye mikono ya askari wa plastiki ili wawe wapagazi.

Sasa gundi. Gundi tuliyokuwa nayo ni ya kucha, na kwa vidole vyake ilikuwa mwiko. Ilibidi mtu mwingine agundishe mizigo vichwani. Mtu huyo alikuwa mimi. Nilikaa pale, mimi Arlène nisiyependa vita, nikakata kucha za bandia kuwa masanduku, nikayafunga kwa nyuzi za rasta, nikaomba vitambaa chakavu kwa fundi cherehani nikashona magunia madogo, moja halitoshi hata kumziba mtu jicho. Wateja walisubiri. Mmoja aliondoka, sikumfuata.

Tatizo lilikuwa shingo. Mzee Octave, aliyekubali mwishowe kutusaidia, alikuwa amewainamisha, migongo imepinda, nyuso chini, kwa sababu aliona mizigo ni mizito. Niliwatazama nikajua wataanguka wote kabla ya kilima cha kwanza.

"Papa, mutu wa muzigo hainami," nikamwambia. "Akiinama amekwisha."

Nikachukua beseni, nikajaza chupa za shampuu, nikaliweka kichwani na kutembea kutoka mlangoni mpaka kwenye masinki. Shingo wima, macho mbele, kiuno ndicho kinachofanya kazi. Mkono mmoja juu, si kwa sababu beseni linataka kudondoka, ila kwa sababu mkono ukikaa chini unazidi kuuma. Niligeuka nikarudi. Na katikati ya saluni yangu mwenyewe, mchana kweupe, miguu ikakumbuka. Nilibeba godoro la mama yangu kutoka Uvira mpaka Baraka, kutoka Baraka mpaka Fizi, nikalibeba mpaka ufukweni tulikopata boti ya kutuvusha hadi Kigoma. Kwa nini godoro, sijui. Mama alisema tutalala wapi. Hakufika kulilalia. Nikatua beseni nikalia, na sikuona haya, kwa sababu Nusaiba alizima redio na Mzee Octave akatazama viatu vyake, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Sisi wasusi huchovya ncha za rasta kwenye maji ya moto zisifumuke. Birika langu halipoi. Plastiki nayo hulainika kwenye maji hayo hayo. Nikawachovya wapagazi mmoja mmoja, nikawanyoosha shingo kwa vidole nilivyozoea kuunguza, nikawainua mkono. Nusaiba akawapaka. Mmoja alimshusha bega. Sikuuliza.

Siku ya maonyesho Mzee Octave alitupakia kwenye baki yake kuukuu, pikapu ya wazi nyuma, meza imefunikwa turubai, na kila roboti, yaani taa ya barabarani, ikiwa nyekundu alikuwa anageuka kutazama kama Tabora bado ipo. Nilifunga saluni Jumamosi kwa mara ya kwanza tangu niifungue. Nilisema naenda kulinda shingo nilizonyoosha mwenyewe.

Ukumbi ulikuwa mkubwa, umejaa. Stalingrad ilikuwa na magofu yenye moshi wa pamba. Normandi ilikuwa na mawimbi unayoweza kuapa yamelowa. Kursk ilikuwa vifaru tu, huoni majani. Watu walizunguka wakiwa na vikombe vya kahawa, wakiinama na kusifu. Kwetu walisimama kidogo, wakasoma kadi ya Mzee Octave, wakasema wanaona kitu kipya, wakaenda Normandi. Sisemi walikuwa wabaya. Barabara yetu ilianza pembeni mwa meza, ziwani, ikapanda mpaka Tabora upande wa pili, na juu yake yote walikuwa watu wenye mizigo vichwani, mstari baada ya mstari, askari wakiwa vidoa vidoa katikati. Kwa mtu aliyekuja kuona vita, palionekana kama siku ya soko.

Dikeledi alifika mchana. Mama mnene kiasi, miwani kwenye mnyororo, kioo cha kukuzia mkononi. Alikagua askari wa Mjerumani mmoja mmoja, alikagua vifungo, akatazama upindo wa kitambaa cha kofia kwa muda mrefu. Akasema kwa Kiingereza, "Nani amepaka hivi?"

Nusaiba akanyanyua mkono kama mwanafunzi. Vidole vyake vilikuwa vimepona karibu vyote.

"Mkono mzuri sana," akasema Dikeledi. Akatoa simu. "Nataka picha ya meza hii kwa ajili ya duka langu. Lakini hawa wenye mizigo wananifichia jeshi. Waondoeni kidogo, nione majeshi mawili. Halafu tuzungumze mambo ya kazi."

Mzee Octave alikuwa ameshanyoosha mikono yake inayotetemeka kuelekea barabarani. Nilikuwa tayari kuharibu kila kitu kwa Kifaransa. Nusaiba akanigusa mkono.

"Acha, Mzee," akasema. "Nitawatoa mimi."

Akavuta trei. Akaanza mbele kabisa, karibu na Tabora, akawatoa wapagazi wa safu ya kwanza kwa ncha za vidole na kuwalaza. Kisha akawachukua askari wa safu ile ile, akawabeba, akawapanga ziwani. Akarudi safu ya pili. Wapagazi kwenye trei, askari ziwani. Akafika kwenye mzinga uliofunguliwa vipande vipande. Akatoa waliobeba gurudumu, akatoa waliobeba mtutu, na mshika mzinga akampeleka ziwani mikono mitupu.

"Unafanya nini?" akauliza Dikeledi. "Nimesema wa mizigo tu."

Kiingereza cha Nusaiba hakikimbii, na hakuharakisha. "Mchele wa hawa ulikuwa vichwani mwa wale," akasema. "Risasi pia. Wale wakiondoka, hawa wanarudi walikotoka. Nakutolea, mama. Karibu namaliza."

Mimi nilijua anachokiweka rehani. Ilikuwa mshahara wa kila mwezi, na mama yake Buyenzi, na mikono yake mwenyewe, maana asipopata hapa ni kurudi kwenye jeli mpaka vidole viishe. Nilitaka kumzuia, na nilijivuna naye. Mambo yote mawili kwa wakati mmoja.

Alipomaliza, barabara ilikuwa tupu kutoka ziwani mpaka mjini. Tabora ilibaki na Wajerumani na askari wao nyuma ya mifuko ya mchanga, wanatazama vumbi. Huku pembeni jeshi zima la Kongo limesongamana ufukweni kama watu wanaongoja boti.

"Sasa piga," akasema Nusaiba.

Dikeledi hakupiga. Alishusha simu, akavaa miwani, akatembea kutoka upande wa Tabora mpaka upande wa ziwa, akarudi. Watu wa meza nyingine walikuwa wameanza kusogea, kwa sababu meza iliyofumuliwa katikati ya maonyesho haionekani kila siku.

"Kwa hiyo Wajerumani wameshinda," akasema.

"Wamekaa tu," akasema Nusaiba. "Hakuna aliyewafikia."

Dikeledi akachukua mpagazi mmoja kwenye trei akamweka chini ya kioo chake. Alimtazama kuliko alivyotazama vifungo. Aliitazama shingo, na ule mkono ulioinuliwa, na fundo la kamba kwenye sanduku la kucha ya bandia.

"Kila duka duniani linauza askari," akasema mwishowe. "Hawa sijawaona popote. Unaweza kunifanyia hawa?"

"Naweza. Lakini waende pamoja na askari wao. Wasiuzwe mbali mbali."

"Na hizi shingo, ni za kwako?"

"Ni za dada yangu," akasema Nusaiba, akanionyesha mimi.

Dikeledi akanitazama, akatazama trei, akamrudia Nusaiba. "Jumatatu unaanza," akamwambia. "Sasa nirudishie jeshi langu barabarani, nipige picha kabla hawajafunga ukumbi."

Mzee Octave alivuta kiti akakaa. Mimi nilimkumbatia Nusaiba mpaka hijabu ikakaa upande, na nikamwambia bado ni mjinga. Kisha tukatazama ile trei, watu wote wale wamelala, na saa ya ukutani. Tusingemaliza sisi watatu, mmoja wetu akiwa anatetemeka.

Mzee mmoja wa meza ya Stalingrad, mwenye ndevu nyeupe na fulana yenye picha ya kifaru, akaweka kikombe chake chini. Akaokota mpagazi mmoja kwa vidole viwili, kwa uangalifu sana, akaniuliza mimi, "Huyu anakaa wapi?"

Nikamwambia ni wa mchele, yuko nyuma ya safu ya kwanza, shingo isiguswe. Akaenda akamweka. Akaja wa Normandi na wawili mkononi. Wakaja wa Kursk, na mwenye ukumbi, na mwanamke aliyekuwa anauza kahawa. Walipanga foleni kwenye trei, kila mmoja anachukua mtu wake, anamletea Arlène wa Uvira, anauliza anakaa wapi. Na mimi nilikuwa najua, wote nilikuwa nawajua. Nikawaambia huyo ni wa gurudumu na yule ni mwenzake, msiwatenganishe; huyo wa sanduku la risasi mwenye bega lililoshuka mpeni Nusaiba amweke mwenyewe; na yule wa mwisho, mwanamke mwenye godoro kichwani, niliyemtengeneza bila kumwambia hata Nusaiba, mleteni hapa. Nilimpeleka mimi, mbele kabisa ya barabara, nikamsimamisha mahali ambapo Tabora inaonekana.